Mashine Husema Kabla ya Kusimama

Mazungumzo kwa wakulima wa majani chai na mafundi wa Mogogosiek, Kaunti Ndogo ya Konoin

 

Mfugaji wa Konoin hahitaji kufunzwa namna ya kumtambua ng'ombe mgonjwa. Kabla ng'ombe hajalala chini na kukataa kuinuka, huwa amekwisha kusema. Amebaki nyuma ya wenzake njiani kutoka mtoni. Masikio yamelegea, pua imekauka, hacheui. Maziwa ya jioni yamepungua, na mama anayekamua ameliona hilo siku mbili kabla ya mtu mwingine yeyote. Mfugaji makini humwita daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, wakati sindano moja bado inatosha. Na hakuna mfugaji anayempasua ng'ombe wake tumbo kila baada ya miezi sita ili aone kama ini lina afya.

Kwa mashine ni vivyo hivyo. Kuna njia tatu za kuitunza, na zote zinaonekana hapa na pale katika nchi hii. Ya kwanza ni kungoja iharibike. Ya pili ni kuifungua kwa kalenda: miezi mitatu ikifika, beringi inatolewa hata kama haina kosa na mpya inawekwa. Ya tatu ni kufuata hali yake: kupima joto, mtetemo, sauti, mafuta na stima inayokula, kuandika, kulinganisha na vipimo vya jana, kisha kuifungua pale dalili zinaposema ifunguliwe. Mazungumzo haya ni ya njia hiyo ya tatu, na ya sababu inayomfanya mkulima wa Kimulot au Chepchabas, asiyewahi kushika spana maishani mwake, kuwa na haki ya kuiulizia.

Sababu yenyewe ni kwamba jani haliwezi kungoja. Jani la chai likichumwa halifi papo hapo. Linaendelea kupumua, na kupumua huko huzaa joto. Ndiyo maana majani yaliyoshindiliwa kwenye mfuko huwa moto ukitia mkono katikati, na yakikaa hivyo hugeuka mekundu. Kiwandani hulazwa kwenye vitanda virefu vya kunyaushia, feni kubwa zikisukuma hewa kutoka chini kwa saa 12 hadi 18, mpaka maji ndani ya jani yashuke kufikia kama asilimia 70. Kutoka hapo huingia kwenye mashine za CTC, zile zenye jozi za roli zenye meno, roli moja ikizunguka takriban mara kumi kwa kasi kuliko mwenzake, ili jani lichanwe, lisagwe na kukunjwa. Halafu linaachwa lichache kwa muda wa saa moja au zaidi kidogo. Mwisho linapita kwenye mashine ya kukausha, inayopata joto lake kutoka kwa mvuke wa boila, na linatoka likiwa na maji karibu asilimia 3 tu. Ndipo linachekechwa na kufungwa kwa safari ya mnada wa Mombasa.

Katika mlolongo huo hakuna mahali pa kuliweka jani likangoja fundi atoke Kericho. Mashine ya kukausha ikisimama kwa saa mbili, chai iliyo nyuma yake inaendelea kuchacha. Itapita kiasi, itapoteza mng'ao na ukali wake, na mnunuzi wa Mombasa ataionja kwa kijiko kimoja na kujua. Hatajua ni beringi gani iliyokwama wala ni saa ngapi usiku. Atashusha bei.

Hesabu yake si ngumu. Kitanda kimoja kikiwa na kilo 1,500 za majani mabichi, na mchumaji mmoja akichuma kilo 30 kwa siku, basi juu ya feni hiyo moja imelala kazi ya watu 50 ya siku nzima. Kwa kuwa kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu, ni kama kilo 330 za chai zinazotegemea mota moja, mkanda mmoja na beringi mbili.

Mfano ufuatao si wa kiwanda chochote kwa jina, lakini fundi yeyote wa eneo hili atautambua. Ni majira ya mvua, majani ni mengi, magari yanafika hadi usiku. Mwendesha mashine wa zamu anapita kati ya vitanda saa nane za usiku na kusikia kuwa feni ya saba ina sauti isiyokuwako wiki iliyopita. Si kelele. Ni mkwaruzo mdogo, kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga chumba cha pili. Anajua hivyo kwa sababu amepita hapo usiku mia moja na sauti ya kawaida imemkaa masikioni.

Yanayofuata hapo ndiyo yanayotofautisha viwanda. Katika kiwanda kimoja mwendesha mashine atanyamaza, kwa kuwa mara ya mwisho aliposema aliambiwa, "Acha iende mpaka asubuhi." Katika kingine kuna daftari limening'inizwa kwa kamba karibu na kila safu ya feni. Atalifungua na kuona kwamba beringi ya feni ya saba ilisoma nyuzi 47 wiki mbili zilizopita, ikasoma 48, ikapanda hadi 52, na leo ni 58. Ya sita na ya nane, zilizo kando yake, ziko 47. Mtetemo ulikuwa milimita 0.9 kwa sekunde, sasa ni 2.9. Sasa ana namba za kumwonyesha msimamizi, na msimamizi hawezi kuziambia namba kwamba zina usingizi.

Msimamizi naye ana shida yake, na ni haki kuisema. Majani yamejaa. Akisimamisha feni usiku huo, kilo 1,500 hazina pa kwenda. Asipoisimamisha, huenda ikakwama alfajiri na kuharibu shafti pamoja na mota. Bila vipimo, uamuzi wake ni bahati nasibu. Akiwa navyo anaweza kuuliza swali lenye jibu: je, itafika Jumapili? Anaamuru ipimwe kila baada ya saa nne. Kitanda kinapakiwa majani machache zaidi. Mpaka unawekwa kwa maandishi: ikifika nyuzi 80 au mtetemo ukifika 4.5, inazimwa hata kama gari la majani liko mlangoni. Na asubuhi jambo la kwanza ni kuangalia stoo kama beringi ya namba hiyo ipo. Mara nyingi haipo. Kuligundua hilo Jumanne mchana, maduka ya spea yakiwa wazi, na kuligundua saa nane za usiku mashine ikiwa imekufa ni mambo mawili tofauti kabisa.

Hiyo 4.5 haikuokotwa hewani. Kiwango cha kimataifa cha mitetemo kinaigawa mitambo kwa ukubwa. Kwa mota ndogo zisizozidi kilowati 15, mtetemo ulio chini ya milimita 0.71 kwa sekunde ni wa mashine nzuri, hadi 1.8 unakubalika, kutoka hapo hadi 4.5 mashine inahitaji kushughulikiwa, na ukizidi 4.5 haifai kuendelea kuzunguka. Mitambo mikubwa zaidi huruhusiwa zaidi. Lakini mafundi wazoefu hawaiabudu namba moja. Wanaangalia inakokwenda. Feni iliyokaa kwenye 1.6 miaka miwili huenda ndivyo ilivyo. Feni iliyotoka 0.6 ikafika 1.6 kwa mwezi mmoja ni mgonjwa.

Na vipimo vya joto visomwe kwa akili ya mahali. Usiku wa Mogogosiek una baridi na mchana jua huwaka, kwa hiyo beringi ile ile inaweza kusoma tofauti ya nyuzi kumi bila kuwa na kosa lolote. Daftari zuri huandika pia joto la hewa ya chumba. Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wa mitambo husahau: mota nyingi zinazoagizwa kutoka nje hupimwa nguvu zake kwa matumizi ya hadi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Nchi ya chai ya Kericho na Bomet iko juu sana kuliko hapo. Hewa ya huku ni nyepesi, haipoezi mota kama hewa ya Mombasa inavyoipoeza, na mota inayofanya kazi bila wasiwasi kwa nguvu zake zote kule pwani, huku hupata joto zaidi kwa kazi ile ile. Kwa kihami kinachofunika nyaya za ndani ya mota, kanuni inayotumiwa na mafundi wa umeme ni kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi kiwango chake hukata umri wake kwa nusu. Mota iliyopaswa kuishi miaka kumi huenda katika mitano, na watu husema ilikuwa ya bandia.

Vifaa vya kuanzia si vya ajabu. Watu wote wanakumbuka kile kifaa cha mfano wa bastola kilichoelekezwa kwenye paji la uso milangoni mwa maduka na makanisa mwaka 2020, wakati wa Korona. Kipo cha kiwandani cha namna hiyo hiyo. Kile cha paji la uso hakifai kwa kazi hii, kwa sababu kimetengenezwa kwa joto la mwili wa binadamu tu, na kwenye beringi yenye nyuzi 70 kitaonyesha kosa. Cha pili ni mita ya kubana waya, inayoonyesha ni ampea ngapi mota inakula bila kukata waya wowote. Cha tatu ni kipimo cha mtetemo, kidogo kama kalamu nene. Kuna mitambo ya gharama zaidi, yenye vihisio vinavyobaki vimefungwa kwenye mashine mchana na usiku na kutuma habari kwenye kompyuta, na kwa mashine chache ambazo kusimama kwake kunasimamisha kiwanda kizima, hizo zina nafasi yake. Ila kiwanda ambacho hakijaweza kujaza daftari la karatasi kwa uaminifu hakitaponywa na kompyuta.

Mafuta ya giaboksi nayo hueleza mengi. Tone moja likidondoshwa kwenye karatasi nyeupe na kuachwa, uchafu hubaki katikati na mafuta safi husambaa pembeni. Yakigeuka rangi ya maziwa, maji yameingia. Sumaku ndogo ikitiwa ndani na kutoka na ndevu za chuma, gia zinakulana. Fundi wa zamani huweka bisibisi ndefu kwenye nyumba ya beringi na sikio kwenye mpini, na husikia kwa kweli. Njia hiyo isifanywe na mtu aliyevaa koti linaloning'inia, wala karibu na mkanda usio na kinga. Beringi hununuliwa, mkono haununuliwi.

Kwa roli za CTC dalili huonekana kwenye chai yenyewe. Meno yakianza kuwa butu, jani halichanwi tena bali linapondwa. Linatoka likiwa na joto zaidi, lina chenga zisizo sawa, na nyuzinyuzi zinazotolewa wakati wa kuchekecha zinaongezeka. Viwanda vingi huhesabu saa na kupeleka roli kunolewa saa zikifika. Hesabu hiyo si mbaya, lakini majani ya msimu wa kiangazi, magumu, huyala meno haraka kuliko majani laini ya mvua, na saa haijui tofauti hiyo. Anayepima chenga na kuhesabu nyuzinyuzi anaijua.

Hapa mkulima anaingia mwenyewe. Roli hizo zinakaribiana kwa unene mdogo kuliko kucha. Jiwe moja dogo, kipande cha waya wa ua au msumari ulioanguka mfukoni mwa majani ukipita bila kunaswa na sumaku ya kiwandani, meno yanavunjika mstari mzima. Karani wa kituo cha kununulia majani anapomwaga mfuko na kuukagua, wapo wakulima wanaodhani anawasumbua au anatafuta sababu ya kupunguza kilo. Kumbe pale ndipo ukaguzi wa mashine unapoanzia.

Sasa swali ambalo mafundi wengi wa kalenda huuliza: kama kila kitu kinafunguliwa na kubadilishwa mapema, si ndiyo usalama zaidi? Jibu lilipatikana mbali na hapa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na ndege za kuwinda nyambizi baharini, na kila baada ya saa 50 za kuruka, ndege ilifunguliwa na kukaguliwa. Wanasayansi waliotumwa kuangalia hesabu zao, miongoni mwao mwanabiolojia C. H. Waddington, waligundua jambo hili: hitilafu ziliongezeka mara tu baada ya ukaguzi, kisha zikapungua kadiri saa zilivyosonga. Ukaguzi wenyewe ulikuwa ukiingiza makosa. Boliti imeachwa wazi, waya umevutwa, vumbi limeingia mahali palipokuwa safi. Baadaye, mwaka 1978, wahandisi wawili wa shirika la ndege la United la Marekani, Nowlan na Heap, walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba katika vifaa vya ndege walivyochunguza, ni asilimia 11 tu vilivyokuwa na umri wa kuchakaa unaoweza kuwekewa tarehe. Vilivyobaki viliharibika bila kujali vimekaa siku ngapi.

Kiwanda cha chai si ndege, na mikanda, roli na mnyororo wa kupakia kuni huchakaa kwa kazi, hilo halina ubishi. Lakini somo la boliti iliyoachwa wazi linahusu kila mahali penye spana. Mfano wa kila siku ni grisi. Beringi hufa kwa kushibishwa pia, si kwa njaa tu: fundi anapita kila Jumatatu na bomba la grisi, anasukuma mpaka ichuruzike, beringi inakosa nafasi ya kuzunguka, inajipasha moto, grisi inayeyuka, na wiki ijayo anaongeza nyingine kwa kuwa ameona ina joto.

Jambo linalokosewa zaidi katika njia ya tatu ni mara ngapi pa kupima. Kati ya dalili ya kwanza na siku ya kuharibika kuna muda, na kila kifaa kina wake. Kama beringi ya feni huchukua majuma sita kutoka mtetemo wa kwanza hadi kukwama, basi kuipima kila baada ya miezi mitatu ni sawa na kutoipima: ugonjwa unaweza kuanza na kumaliza kazi yake katikati ya ziara mbili. Ipimwe kila baada ya majuma mawili au matatu, ili pabaki muda wa kupata spea na kuchagua siku. Kwa mkanda unaoteleza muda huo unaweza kuwa siku chache tu. Kwa balbu ya ofisini hakuna haja ya kupima chochote. Ikiungua, iwekwe nyingine.

Na vipo vitu ambavyo kalenda lazima iheshimiwe. Cha kwanza ni boila. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka boila la mvuke lichunguzwe na mtu aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 12, na hakuna daftari la kiwanda, hata liwe zuri namna gani, linaloweza kuchukua nafasi ya uchunguzi huo. Boila likipasuka halipotezi chai, linapoteza watu. Kati ya uchunguzi mmoja na mwingine, hali yake ifuatwe kila zamu: kioo cha kuonyesha maji kisafishwe na kujaribiwa, vali ya usalama isifungwe kwa waya kamwe, maji ya kulishia boila yapimwe. Joto la moshi unaotoka kwenye dohani ni dalili ambayo wengi hawaisomi. Likipanda kwa nyuzi 20 hivi juu ya kawaida yake, kama asilimia moja ya kuni inaungua bure, kwa sababu masizi au ukoko wa chokaa umezuia joto lisiingie kwenye maji. Likipanda kwa nyuzi 60, katika kila mita 100 za kuni za mkaratusi, mita tatu zinapasha moto mawingu ya Konoin. Kuni hizo zimenunuliwa kwa fedha za mkulima.

Fedha hizo ni zake kwa maana ya kweli. KTDA ilianza mwaka 1964 kama mamlaka ya serikali, na mwaka 2000 ikageuzwa kuwa kampuni inayomilikiwa na wakulima wadogo kupitia kampuni za viwanda vyao. Mkulima mwenye hisa analipwa kwa kilo kila mwezi, na kinachobaki baada ya gharama humrudia kama malipo ya pili, ile bonasi inayosubiriwa na ada za shule, deni la duka na mabati ya nyumba. Kuni, stima, spea na ukarabati hutolewa kwanza. Ni kweli kwamba bonasi haitokani na mashine peke yake. Bei ya mnada, thamani ya dola, ubora wa uchumaji na uendeshaji wa kiwanda vyote vimo, na mazungumzo makali yanayoendelea kuhusu pengo kati ya malipo ya magharibi na ya mashariki ya Bonde la Ufa hayatamalizwa kwa grisi. Ila bei ya dola haiko mikononi mwa mtu yeyote wa Mogogosiek. Saa ambazo mashine ilisimama bila kupangwa ziko.

Hivyo katika mkutano mkuu wa mwaka mwenye hisa ana haki ya kumuuliza mkurugenzi aliyemchagua: msimu uliopita wa majani mengi, mashine zilisimama ghafla kwa saa ngapi? Kati ya matengenezo yaliyofanywa, ni mangapi yaligunduliwa mapema, na ni mangapi yalifanywa kwa dharura, spea ikinunuliwa kwa bei ya dharura? Kiwanda chenye madaftari kitajibu kwa dakika mbili. Kisichokuwa nayo kitajibu kwa hotuba.

Njia hii haiishii kwenye chai. Mtambo wa kupoezea maziwa wa chama cha ushirika unapaswa kuyashusha maziwa hadi nyuzi 4. Ukianza kuchukua saa moja zaidi ya kawaida kuyafikisha hapo, huenda vumbi limeziba mapezi yake ya kupoezea, na kazi ya brashi ya nusu saa yatosha. Pampu ya maji inayokula ampea zile zile huku mtungi ukichelewa kujaa ina tundu au imechakaa ndani. Jenereta ya kituo cha afya, inayolinda friji ya chanjo isitoke kati ya nyuzi 2 na 8, iwashwe kila wiki na kupewa mzigo wa kweli, si kunguruma mtupu kwa dakika tano. Na betri yake ipimwe, maana jenereta nyingi zinazokataa kuwaka usiku wa dhoruba hazina ugonjwa wowote isipokuwa betri. Anayefahamu mvua ya mawe ya huku anajua usiku huo ukoje.

Kwa vijana waliomaliza masomo ya umeme na mitambo katika vyuo vya ufundi, hapa pana kazi isiyohitaji mtaji mkubwa. Chama cha ushirika chenye mtambo mmoja wa kupoeza maziwa hakiwezi kumwajiri fundi wa kupima mwaka mzima. Vyama sita kwa pamoja vinaweza kumlipa kijana mmoja mwenye pikipiki, vifaa vitatu na daftari, apite kila baada ya wiki mbili.

Na ile feni ya saba? Katika mfano huo ilifika 3.6 siku ya Ijumaa na nyuzi 66, na watu wakaanza kuizungukia kama mgonjwa. Jumapili mchana, majani ya Jumamosi yakiwa yameisha, mafundi wawili waliizima, wakalegeza mkanda, wakatoa beringi na kuweka nyingine. Kazi ilichukua saa mbili na chai ya saa kumi ikanywewa kwa wakati wake. Beringi ya zamani ikakatwa kwa msumeno. Kwenye njia ya gololi palikuwa na shimo moja, dogo kama punje ya wimbi. Mwendesha mashine wa zamu ya usiku akaonyeshwa, akaligusa kwa ukucha, kisha akaandika kwenye daftari mstari wa kwanza wa beringi mpya: nyuzi 46, mtetemo 0.6, hewa ya chumba nyuzi 19.